Dume wa Pointi Tisini na Nane

Mwanangu, hapa Likasi matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka, magari yanapiga honi mji mzima na vijana waliofaulu wanapita barabarani weupe kichwani kwa poda. Kila mtu anamkumbuka mwanawe aliyefaulu. Mimi namkumbuka dume wa ng'ombe. Cheka tu, hukatazwi. Nimewahi kushuhudia kwa macho yangu, siku moja upande wa Kapolowe, watu wazima wenye heshima zao na vitambi vyao wakimmwagia dume poda kwa sababu alipata pointi tisini na nane.

Nakusimulia kwa sababu nimesikia umetumiwa picha ya dume kwenye simu, na muuzaji ameandika namba chini yake, na wewe roho imeshakudunda. Umefanya vizuri kuja kwanza. Kuuliza si ujinga.

Wakati huo kampuni ya shaba ilikuwa inapunguza watu. Baba yangu, Papa Mutombo, alikuwa karani pale miaka mingi. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuchimba mawe, na baba akakua akashika kalamu badala ya sururu. Kazi ilipokwisha hakukaa chini kulia. Yeye na wenzake, Wakasai na wenyeji wa Katanga pamoja, walitafuta malisho upande wa Kapolowe, na kila familia ikaingiza ng'ombe wake katika kundi moja. Watu wa mjini walitucheka sana: makarani wanachunga! Miaka haikupita mingi, hao hao wakawa wanatupigia hodi kuomba nyama ya harusi. Unaniona naringa? Naringa ndiyo. Mzee asiyeringia kazi ya baba yake ataringia nini?

Mimi mwenyewe, Ngalula, nilikuwa nimetoka kumaliza shule ya kilimo na mifugo. Baba aliambiwa mengi kwa ajili hiyo. Binti anasomea ng'ombe, nani atamwoa? Yeye alijibu kwamba ng'ombe mgonjwa hamuulizi mganga wake kama amevaa suruali au kitambaa. Basi nilikuwa nachoma sindano, nazalisha, natibu kwato, na kikundi kizima kilinizoea. Ila kunizoea ni jambo moja, na kunisikiliza ni jingine.

Sasa, dume wetu alikuwa amezeeka. Kibaya zaidi, mitamba waliofikia kupandwa, yaani majike ambao hawajazaa bado, walikuwa mabinti zake mwenyewe. Ilikuwa lazima tupate dume mpya, na lazima awe dume wa kufaa mitamba. Hapo ndipo hofu ilipokuwa. Msimu uliotangulia, kikundi cha majirani walikuwa wamejiletea dume mkubwa kama lori. Walisifiwa kila kona. Wakati wa kuzaa ulipofika ndama walikuwa wakubwa kupita njia, wakakwama, na mitamba wengi wakafa pamoja na ndama zao tumboni. Niliitwa kusaidia huko, mwanangu, na kilio nilichokisikia kule ni cha msiba.

Katika kundi letu alikuwemo mjane mmoja mwenyeji wa Kapolowe, Mama Ngoie. Wengine walikuwa na ng'ombe kadhaa, yeye alikuwa na mtamba mmoja tu, mweusi mwenye doa kwenye paji la uso. Huyo ndiye aliyekuwa tumaini la maziwa ya watoto wake, shule yao na kesho yao. Waswahili wanasema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Mama Ngoie alikuwa anaijua methali hiyo na hakuipenda hata kidogo.

Tulisikia kuna shamba kubwa la ng'ombe, mbele ya Kapolowe, ambalo lilikuwa linawapima madume wachanga kabla ya kuwauza. Tukaazima lori, tukapanda wote, wanaume kwa wanawake, Mama Ngoie akiwa mbele kabisa. Msimamizi wa shamba alitupokea vizuri, akampa baba karatasi yenye namba za kila dume, kisha akanichukua mimi nikawaangalie wanyama kwato katika zizi la nyuma.

Niliporudi nilikuta ngoma imeshaanza.

Baba alikuwa ameinua karatasi juu, sauti imempanda. Madume walikuwa wamesimama nyuma ya uzio, na mmoja wao alikuwa mrefu na mpana kuliko wote, shingo imejaa, anatembea kama mtu anayepigiwa saluti. Walikuwa wameshampa jina, wanamwita Ministre, yaani Waziri.

« Ministre, quatre-vingt-dix-huit! » baba alisema. « Tisini na nane! Minye tangu nilizaliwa sijaonaka mutoto wa kuleta points ya vile. Grande distinction! »

« Lakini ule mwekundu banamuandikia mia moja na kumi na tatu, » alisema Papa Kyungu, rafiki yake wa tangu ofisini. « Juu ya mia! Nani anapataka points juu ya mia? »

« Ule alinunua points, » baba alijibu. « Ao professeur iko mujomba yake. »

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Unajua sisi tulivyo. Nchi hii mtoto tunampima kwa asilimia: akileta hamsini amepona, akileta sabini tunaalika majirani. Kwa watu waliolelewa hivyo, dume wa tisini na nane alikuwa amebakiza kidogo tu awe malaika. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akatoa kopo la poda kwenye mkoba wake, akamwagia Ministre kichwani, wengine wakapokea, vigelegele vikapigwa. Dume akapiga chafya. Baba akamwambia msimamizi asimwonyeshe mtu mwingine, sisi tumeshachagua.

Nikaiomba karatasi nikaisoma. Nikaona tumechagua vibaya.

Hebu jiweke mahali pangu. Baba yangu ndiye mwenyekiti. Amesema mbele ya wenzake, wamepiga vigelegele, poda imemwagwa. Binti wa Kikasai hamrekebishi baba yake mbele ya watu. Nilianza kufikiria nitamwambia kwenye lori, tukiwa njiani, taratibu. Lakini Mama Ngoie alikuwa hamtazami dume. Alikuwa ananitazama mimi. Akanivuta mkono pembeni.

« Ngalula, niliona sura yako ginsi inageuka. Kuko nini? »

« Mama, papa alisha kusema. »

« Papa yako iko na bangombe mingi. Minye niko na moya. » Alinibana mkono kwa nguvu. « Kama unajua kintu na unanyamaza juu ya heshima, ile heshima njo itavuta mutoto mu tumbo ya ngombe yangu? »

Nimekaripiwa na wengi maishani, mwanangu, na walimu na masista na mama mkwe. Karipio lile ndilo ninalolishukuru mpaka leo. Nilirudi kwa baba, nikapiga goti kidogo kama tulivyofunzwa.

« Papa, unisamehe. Niko na ulizo. »

« Uliza, mama. » Aliniita hivyo kwa kuwa nimebeba jina la mama yake.

« Mwaka ile yaya Kabeya alileta soixante ku shule ya bapadiri, ulifanya nini? »

« Sitini? Nilimuchinjia kuku! » Uso wake ukang'aa palepale, maana kaka yangu Kabeya alikuwa fahari yake. « Alikuwa wa kwanza mu darasa. Bale bapadiri habapanaka points, weye unajua. »

« Na mutoto wa jirani, mwenye alileta themanini ku ile shule ingine? »

« Kule? » Baba aliguna. « Alikuwa wa makumi mbili mu darasa yake. Kule banagawanyaka points sawa mikate. »

Watu wakacheka tena, maana kila mzazi wa Likasi anaijua shule ya namna hiyo.

« Donc points peke yake haisemi kintu, papa? »

« Haisemi. Lazima ujue benzake balipata ngapi. »

« Papa, njo vile hii karatasi inasema. »

Nikaendelea pole pole, na sasa nakueleza wewe kama nilivyowaeleza wao. Mia kwenye karatasi ile si kilele. Mia ni katikati ya darasa. Wanawachukua madume waliozaliwa msimu mmoja, wanawaweka malisho mamoja, wanawalisha chakula kimoja na chumvi moja. Kwanza wanawaacha wakae muda wazoee, ili aliyekuja amenona kwao asiendelee kutembelea unono wa nyumbani. Ndipo wanawapima mwanzo na mwisho, na kuangalia kila mmoja ameongeza uzito kiasi gani kwa siku. Aliyeongeza sawa na wastani wa wenzake anaandikiwa mia. Aliyewazidi anapanda juu ya mia, aliyepitwa anashuka chini. Kwa hiyo dume wa mia na kumi na tatu hakununua pointi kwa mtu. Amewashinda wenzake kwa nyasi zilezile. Na tisini na nane ni dume aliyepitwa kidogo na darasa lake.

« Mais Ministre njo mukubwa kuliko bote! » Papa Kyungu alipinga. « Macho yetu inadanganya? »

Macho yake hayakudanganya. Ministre alikuwa mkubwa kweli. Ila alizaliwa wa kwanza katika msimu, na mama yake alikuwa ng'ombe mzima mwenye maziwa mengi, wakati wengine walizaliwa nyuma yake na baadhi yao na mama wachanga. Aliingia kwenye kipimo akiwa tayari ametangulia. Ukubwa wake ulikuwa wa bahati ya kuzaliwa mapema, na bahati hiyo hawezi kuirithisha ndama wako. Kinachorithiwa ni ule mwendo wa kukua, na mwendo wake ulikuwa wa kawaida, tena chini kidogo ya kawaida.

Baba alishusha karatasi, akatazama safu za namba.

« Basi tukamate huyu wa mia moja na makumi mbili na moja. Huyu njo wa kwanza kabisa. »

« Hapana, papa. »

Hapo hata msimamizi wa shamba alicheka. « Sasa anakatala wa kwanza wa darasa! » mtu mmoja alipiga kelele.

Nikamwonyesha baba safu nyingine, ya uzito wa siku ya kuzaliwa. Hii, mwanangu, ndiyo safu ambayo watu huiruka, na ndiyo inayoua. Huyo wa mia na ishirini na moja alizaliwa mzito kuliko wote, na Ministre alimfuata. Msimamizi mwenyewe alikubali kwamba mama wa huyo wa kwanza ilibidi wamsaidie kwa kamba. Mbegu ya namna hiyo ni nzuri kwa majike wakubwa waliokwisha kuzaa, wana njia pana. Kwa mitamba wadogo kama wetu, ni kuwachimbia kaburi. Yule mwekundu wa mia na kumi na tatu alizaliwa mwepesi, akakua kwa kasi. Katika safu moja unatafuta namba kubwa, katika safu nyingine unatafuta namba ndogo. Hakuna mtihani wa shule uliowahi kumfundisha mzazi jambo hilo, ndiyo maana hakuna aliyeliona.

Papa Kyungu hakupendezwa. Akamgeukia baba.

« Mutombo, mutoto mwanamuke anakufundisha mbele ya bantu? »

Nilitazama viatu vyangu. Mama Ngoie alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili. Baba alivaa miwani yake, akaisoma karatasi upya tangu juu mpaka chini, kila safu, kama alivyokuwa akisoma mahesabu ya kampuni kabla ya kutia sahihi. Chini kabisa kulikuwa na mstari mdogo wa Kifaransa unaoeleza kwamba mia ni wastani wa kundi. Kifaransa alikijua kuliko sote pale, ila kwanza alikuwa amesoma kwa haraka ya furaha. Aliusoma mstari ule kwa sauti. Kisha akavua miwani.

« Kyungu, » alisema, « shule yake nililipa minye. Kama hanifundishe, basi nilitupa franc yangu mu mayi. »

Akaomba kidumu cha maji. Mwenyekiti yule, karani wa miaka mingi, na shati lake jeupe la kwenda misa, aliingia zizini akamwosha Ministre poda kwa mikono yake, akimsugua nyuma ya masikio, huku akimwambia, « Unisamehe, mutoto, kosa haiko yako. » Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa kimebadilika. Hata Papa Kyungu alimshikia kidumu. Mwanangu, nimewahi kuona wakubwa wa kila namna katika mji huu, wenye magari na walinzi. Sijaona mkubwa kumpita baba yangu siku ile, amelowa mpaka kwenye viwiko.

Hatukumchukua yule mwekundu kwa kuamini namba tu. Karatasi haina macho. Tulimtembeza kwenye mawe tuone kama anachechemea, nikamwangalia kwato, meno na macho, nikampapasa korodani kuona kama zimelingana na zimejaa vizuri, maana dume anayekua kwa kasi na hazalishi ni nyama ya Krismasi. Tulitazama pia tabia yake, kwa sababu ng'ombe zetu walichungwa na wanawake na watoto. Alisimama ametulia, anacheua. Mama Ngoie akamshika pembe, naye hakushtuka. Tukamchukua.

Miezi ya mimba ya ng'ombe ni kama ya mtu, na mama yule aliihesabu kama yake. Mvua za kwanza zilipoanza, asubuhi moja, alinitumia habari nije mbio, mtamba ameanza. Niliondoka Likasi na mkoba wangu wote, kamba, mafuta, dawa, na moyo mkononi. Nilipofika, mkoba sikuufungua. Ndama alikuwa ameshasimama, miguu inatetemeka, anatafuta ziwa. Alikuwa jike! Mama Ngoie alikuwa amekaa kwenye nyasi zenye maji, kitambaa kimemwanguka begani, analia na kucheka pamoja. « Ngombe ya mumaskini anazalaka, » aliniambia, « tena anazalaka mwanamuke. » Kisha akanikumbatia mpaka mkoba ukaanguka.

Katika mitamba wote wa msimu ule hatukuzika hata mmoja. Na ndama walipofikia kuachishwa, watu waliokuwa wakitucheka walikuja kuuliza tulimpata wapi yule mwekundu. Baba alikuwa anawapokea kila Jumapili baada ya misa, na hadithi aliianza palepale kila mara: « Mutoto yangu alinikosoa mbele ya bantu. » Alisema hivyo kwa kifua mbele, kama mtu anayeonyesha nishani. Nilikuwa namwomba aache, nasikia haya. Hakuacha mpaka Mungu alipomchukua.

Sasa tuje kwako, mwanangu. Yule wa kwenye simu wamekuandikia uzito peke yake, tena kwa herufi kubwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Muulize muuzaji: uzito huo ni wa umri gani? Alikua pamoja na nani, na wenzake walifika wapi? Alilishwa nini? Mama yake alikuwa mchanga au mzima? Siku aliyozaliwa alikuwa na kilo ngapi? Akikosa jibu, usimkasirikie, rudi tu nyumbani na fedha yako. Akikupa namba za shamba lake na wewe una namba za shamba jingine, usizipange mstari mmoja, maana mia ya hapa si mia ya kule. Dume wa mia na tano kati ya hodari anaweza kumpita wa mia na kumi na tano kati ya wanyonge. Na hata namba iliyo nzuri kabisa ni tumaini tu. Itakuambia dume huyu ameelekea wapi, lakini ndama wake ndio watakaokuapia. Basi jua kwanza majike ulionao, kama ni mitamba au wakubwa, kama malisho yako ni mazuri au ni ya mawe, ndipo utafute dume. Anayetafuta dume kabla ya kuwajua majike wake anachagua kiatu bila kupima mguu.

Na ukiona jambo ambalo wakubwa wako hawajaliona, piga goti, uliza swali, lakini sema. Heshima inayonyamaza wakati mali ya mjane iko hatarini haina baraka. Kukosea si kosa, kosa ni kurudia kosa.

Nenda basi. Mungu akupe malisho yasiyokauka kabla ya wakati na majike wanaozaa asubuhi bila kuita mtu. Watoto wako wanywe mpaka wasaze, na jirani asiye na ng'ombe anywe kwako. Na siku ambayo mtoto uliyemsomesha mwenyewe atasimama mbele ya watu akuambie umekosea, naye akiwa na haki, Mungu akupe kifua kama cha baba yangu.